Mufwankolo, nyota wa Lubumbashi aliyekosa jumba

Katikati ya mji wa Lubumbashi kuna jengo kubwa lililojengwa miaka ya 1950, enzi mji ukiitwa Élisabethville, ili liwe jumba la tamthilia. Lilisanifiwa na kundi la wasanifu akiwemo Mbelgiji Claude Strebelle, na waliokusudiwa kuketi ndani yake ni Wazungu wa mji, waliotaka kutazama michezo ileile iliyokuwa ikitazamwa Brussels na Paris. Baada ya uhuru likaitwa Bâtiment du 30 Juin, kwa ukumbusho wa siku Kongo ilipojitawala mwaka 1960, na baadaye likawa makao ya bunge la jimbo. Palipotengenezewa waigizaji wakakaa wanasiasa.

Mwigizaji mashuhuri kuliko wote ambao mji huo umepata kuwatoa hakulelewa na jumba hilo. Jina lake halisi ni Odilon Kyembe Kaswili, lakini ukiuliza kwa jina hilo ni wachache watakaojua unamtafuta nani. Kamalondo, Katuba, Ruashi na Kenya (huu ni mtaa wa Lubumbashi, si nchi jirani ya Tanzania) wamemjua kwa jina lake la jukwaani: Mufwankolo. Kundi lake nalo likabeba jina hilohilo, na kwa miongo kadhaa mtu akisema "Mufwankolo" katika jimbo la Katanga hakuhitaji kufafanua kama anamtaja mtu, kundi, au kipindi cha redio.

Habari za waigizaji waliotoka kwenye dhiki hadi umaarufu tumezizoea kwa mpangilio mmoja. Kijana hana kitu, anafukuzwa hapa na pale, siku moja mtu mwenye fedha anamwona, na kuanzia hapo ni nyumba na magari. Ya Mufwankolo haikwenda hivyo, na ndiyo sababu nadhani inastahili kusimuliwa. Umaarufu ulikuja, tena mkubwa, lakini fedha hazikuandamana nao. Na mlango uliofungwa haukufungwa kwa ajili yake peke yake. Ulifungiwa lugha aliyoizungumza na watu waliomfundisha kuchekesha.

Tuanze na watu hao. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji ukaanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Wafanyakazi waliletwa kutoka kila upande: Waluba wa Katanga na wa Kasai, Wabemba, Walunda, watu wa Rhodesia ya Kaskazini, hata wa Rwanda. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili sera. Badala ya kuwachukua wanaume kwa miezi michache na kuwarudisha, ikawaruhusu kuja na wake zao, ikawajengea kambi, ikawapa posho ya unga, ikafungua shule na zahanati, na wamisionari wakasimamia roho. Kampuni ikawa baba. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alipoandika kitabu mwaka 2001 kuhusu wafanyakazi hao na familia zao, alikiita *Bana Shaba abandonnés par leur père*, yaani wana wa shaba walioachwa na baba yao. Tutarudi kwa baba huyo.

Kambini watu hawa walielewana kwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha kazi, kilichopinda kwa kukutana na Kiluba, Kibemba na Kifaransa, na msomaji wa Unguja au Mombasa akikisikia kwa mara ya kwanza atatega sikio. Lakini ni lugha kamili, ya mapenzi na ya matusi, ya sala na ya mizaha. Baada ya zamu, chini ya moshi wa mumbunda, yaani ule mnara mrefu wa kiwanda ambao hadi leo ndio sura ya mji, watu walicheza. Ngoma ya beni ya pwani yetu, yenye vyeo vya kijeshi na sare, ilifika huko, wakaiita mbeni. Katika miaka ya 1950 vijana wa mtaa wa Kenya waliunda kikundi cha nyimbo na vichekesho kilichojulikana kwa kifupi kama Jecoke. Humo alipitia mpiga gitaa Edouard Masengo, ambaye baadaye alihamia Nairobi na kuimbia Afrika Mashariki nzima. Onyesho la *Changwe Yetu*, lililokusanya ngoma na nyimbo za Katanga, lilipelekwa hadi Brussels kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka 1958.

Kwa hiyo Mufwankolo hakuchipuka jangwani. Alitoka katika mji ambao kila kona ilikuwa na mtu anayejua kuiga sauti ya kapita (msimamizi wa kazi), mwendo wa padri na hasira ya mke aliyechoka. Mji haukukosa vipaji. Ulichokosa ni watu wenye mamlaka waliokuwa tayari kuviita sanaa.

Maana sanaa, kwa wenye mamlaka, ilikuwa ya Kifaransa. Chuo kikuu kilifunguliwa Élisabethville mwaka 1956. Shule nzuri zilikuwa na michezo yao ya kuigiza, wanafunzi wakikariri maandishi ya Kifaransa na wazazi wakipiga makofi hata pale wasipoelewa. Kijana aliyetaka kuhesabiwa miongoni mwa watu waliostaarabika alionyesha ustaarabu wake kwa lugha hiyo. Aliyesimama mbele za watu na kusema Kiswahili cha kambini alikuwa mchekeshaji tu, mtu wa kuburudisha harusi, na neno "mwigizaji" likahifadhiwa kwa wengine. Uhuru haukubadili jambo hili kwa haraka. Kiswahili kilihesabiwa kati ya lugha nne za taifa pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba, lakini barua ya ofisini, mtihani na hotuba nzito viliendelea kwa Kifaransa. Ni kukataliwa kwa namna ya pekee: hakuna mtu anayekuambia ondoka, ila kila kitu chenye heshima kinafanyika katika chumba usichoingia.

Redio ndiyo iliyouvunja mlango. Redio haina ngazi za marumaru wala mlinzi. Kundi la Mufwankolo lilipoanza kusikika kwa Kiswahili cha mji, mwenye redio alijikuta ana wageni kila jioni ya kipindi. Halafu ikaja televisheni ya Lubumbashi, na sauti ikapata uso.

Walichocheza ni maisha ya nyumbani. Mume anayemaliza mshahara kwenye pombe kabla hajafika kwake. Ndugu kutoka kijijini wanaoshuka na mizigo bila kutoa taarifa na kukaa mwezi mzima. Mahari, wivu, mke wa pili, mganga, jirani anayejua mambo ya kila mtu isipokuwa ya kwake. Msomaji wa Tanzania atamkumbuka Mzee Jangala wa redio, na wa Kenya atamkumbuka Mzee Ojwang' wa *Vitimbi*. Ni ukoo mmoja. Mtazamaji anacheka kwa sababu yanayochekwa yako chumbani kwake, kisha kabla kicheko hakijaisha anafunzwa jambo. Wapo wasomi wanaoudharau mtindo huu kwa kuwa unafundisha waziwazi. Mimi sioni aibu yake. Katika mji ambapo mshahara ukipotea watoto hulala njaa, kumwonyesha mlevi akiona haya mbele ya mkewe ni kazi nzito, na kuifanya watu wakicheka ni kazi nzito zaidi.

Na waliifanya bila maandishi. Hili lataka kutazamwa kwa karibu, kwa sababu wengi hudhani kuigiza bila maandishi ni kubahatisha. Kundi lilikaa pamoja na kuanza na wazo. Mmoja angelitupa, mwingine angelipinga, wa tatu angeleta kisa alichokisikia. Wakishakubaliana kisa kinakwenda wapi, waligawana maonyesho: hapa mke analalamika, hapa wazee wanakutana, hapa mwizi anakamatwa. Kisha wakagawana watu: wewe utakuwa huyu, mimi yule. Maneno yenyewe yalizaliwa wakati wa mazoezi na kuzaliwa upya wakati wa onyesho, kwa hiyo mwigizaji aliyelala kidogo angeachwa nyuma na mwenzake. Aliyekariri anaweza kumsahau anayezungumza naye na bado akamaliza mchezo. Hawa ilibidi wasikilizane.

Bahati nzuri yupo aliyeushuhudia utaratibu huo na kuuandika hatua kwa hatua. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Ujerumani, alikuwa amefundisha chuo kikuu cha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni yeye aliyefanya kazi na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyeichora historia nzima ya nchi kwa picha. Mwaka 1986 alikuwa amerudi mjini. Siku moja kwenye mlo wa kuku akapewa firigisi, kipande cha heshima huko kama kilivyo cha heshima kwetu, na pamoja nacho akasikia msemo kwamba madaraka huliwa mazima. Ukamkaa. Akaanza kuwauliza watu maana yake, na miongoni mwa aliowauliza walikuwa rafiki zake wa kundi la Mufwankolo.

Wangeweza kumjibu kwa sentensi mbili. Badala yake walianza kubishana wao kwa wao. Je, madaraka hayagawanyiki kwa sababu akiyagawa chifu atapinduliwa? Au mwenye kuyala peke yake ndiye atakayekabwa nayo? Kila mmoja alikuwa na lake, na mwisho wakaamua: huu ndio utakuwa mchezo wetu ujao. Fabian akaambatana nao kuanzia mabishano ya kwanza hadi mazoezi, kinasa sauti kikiwa kimewashwa, hadi siku mchezo ulipochezwa katika kijiji cha Kawama, karibu na Lubumbashi, mbele ya wanakijiji na kamera za televisheni. Mufwankolo mwenyewe alikuwa chifu, na kijiji chake kilikuwa kimelegea, watu hawamheshimu wala hawaheshimiani.

Huo ulikuwa mwaka 1986. Mobutu alikuwa ametawala zaidi ya miaka ishirini, chama kilikuwa kimoja, na nchi ikiitwa Zaire. Maofisini na viwandani wafanyakazi waliundiwa vikundi vya kuimba na kucheza kumsifu rais, na jukwaa la taifa zima lilikuwa limejaa sifa hizo. Katika hali hiyo kundi la watu wa kawaida, kwa Kiswahili cha mitaani, linasimama hadharani na kuuliza madaraka huliwaje. Hawakumtaja mtu. Mchezo ulikuwa wa chifu na kijiji, wenye vichekesho vya kutosha. Lakini hakuna mtu mzima Lubumbashi aliyehitaji kuambiwa kwamba chifu ni zaidi ya chifu. Nikifikiria ujasiri katika uigizaji wa Kiswahili, huu ni miongoni mwa mifano ya kwanza kunijia, na unanisikitisha ukimya wetu juu yake huku Dar es Salaam na Nairobi, ambako tunafundisha tamthilia kana kwamba Kiswahili kinakomea Kigoma.

*Power and Performance*, kitabu cha Fabian aliyekuwa Amsterdam, kilichapishwa Wisconsin, Marekani, mwaka 1990. Kabla yake, mwaka 1981, Walter Schicho wa Vienna pamoja na Mbayabo Ndala walikuwa wamechapisha kitabu kizima kuhusu kundi hilo. Baadaye Mfaransa Maëline Le Lay akaandika juu ya tamthilia za Katanga na lugha zake, kitabu kilichotoka Paris mwaka 2014. Orodha hiyo ni ya kushangaza: Vienna, Amsterdam, Wisconsin, Paris. Mwigizaji ambaye shule za mji wake hazikumweka kwenye mtaala akawa anasomwa na wanafunzi wa ng'ambo, mstari kwa mstari, vikohozi na vicheko vikiwa vimeandikwa.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967 na ikaishia kuitwa Gécamines. Kwa muda baba mpya aliendelea kugawa unga. Kisha shaba ikashuka bei, fedha zikaliwa, na mwaka 1990 mgodi mkubwa wa Kamoto huko Kolwezi ukaporomoka. Mwaka uliofuata askari waliokosa mishahara walipora miji ya nchi, Lubumbashi ikiwemo. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wamezaliwa Katanga, wakafukuzwa maelfu kwa maelfu, wakapanda magari moshi na mizigo yao. Mwaka 2003 Gécamines iliwaachisha kazi zaidi ya wafanyakazi 10,000 kwa mkupuo, wengi wakiwa wanadai mishahara ya miezi mingi.

Mwigizaji katika mji wa namna hiyo anaishi na nini? Wasanii wa kundi hawakuwa watu wa kuishi kwa sanaa peke yake hata siku za neema. Walikuwa na vibarua vyao, biashara ndogo, mashamba. Siku za njaa mtazamaji wao naye alikuwa na njaa. Hapo likaingia jambo ambalo limebadili tamthilia ya Katanga mpaka leo: maagizo ya mashirika. Shirika linataka mchezo kuhusu ukimwi, jingine kuhusu uchaguzi, jingine kuhusu maji safi. Linalipa, mchezo unachezwa, gari linaondoka. Siwalaumu waigizaji waliokubali, kwa kuwa watoto wao nao hula. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mafunzo yanayotoka katika ubishi wa wenyewe, kama ule wa firigisi, na mafunzo yanayoletwa yakiwa tayari yameandikwa kwenye karatasi yenye nembo.

Heri ulikuja mradi uliokuwa na macho mengine. Kuanzia mwaka 2000 Dibwe dia Mwembu na mwenzake Bogumil Jewsiewicki waliendesha Mémoires de Lubumbashi, wakikusanya kumbukumbu za watu wa kawaida wa mji: picha, vyombo vya nyumbani, nyimbo, masimulizi ya kazi. Kundi la Mufwankolo likaitwa kuigiza kumbukumbu hizo. Watu waliokuwa wamepoteza kazi wakajitazama jukwaani wakiwa na kazi. Naamini hicho ndicho kipimo cha nyota: watu wakitaka kukumbuka walivyokuwa, wanakwenda kumtafuta yeye.

Wapo Wakongo waliopata umaarufu wa aina nyingine, ule wa zulia jekundu. Dieudonné Kabongo, mzaliwa wa Katanga, alikwenda Ubelgiji akiwa kijana na akawa mchekeshaji na mwigizaji wa filamu. Katika *Lumumba* ya Raoul Peck, ya mwaka 2000, ndiye aliyecheza Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga chini ya Moïse Tshombe, na kwa mtu wa Katanga hilo si jukumu jepesi kulibeba. Alifariki mwaka 2011 baada ya kuanguka akiwa jukwaani. Na yupo Rachel Mwanza, ambaye habari yake inafanana kweli na zile tulizozizoea. Akiwa mtoto huko Kinshasa alituhumiwa uchawi na watu wa nyumbani mwake, akaishia kulala mitaani. Mwongozaji filamu Kim Nguyen wa Kanada alimpa nafasi ya mhusika mkuu katika filamu ya *Rebelle*, ya msichana anayetekwa na waasi na kufanywa askari. Februari 2012 tamasha la Berlin likampa tuzo ya Dubu wa Fedha ya mwigizaji bora wa kike, na mwaka uliofuata filamu hiyo ikashindania Oscar. Hakuna mwenye moyo asiyefurahi kwa binti huyo. Ila tuangalie pia gharama ya njia yake: ilibidi watu watoke Montreal ndipo aonekane, wakati maelfu ya watoto wa Kinshasa waliotuhumiwa kama yeye walibaki walipokuwa.

Mufwankolo alionekana na watu wake bila kusubiri mgeni. Fabian alipofika na kinasa sauti chake, mji ulikuwa umeshaamua zamani. Kinachoniuma ni kwamba uamuzi wa mji haukugeuka kuwa pensheni, wala ukumbi, wala mahali pa kutunzia kanda. Si tatizo la Kongo peke yake. Benson Wanjau, yule Mzee Ojwang' ambaye hakuna Mkenya asiyemjua, alipougua macho wananchi walilazimika kumchangia apate matibabu, na alipofariki Julai 2015 viongozi walipanga foleni kutoa rambirambi. Tunawapenda waigizaji wetu wa Kiswahili kwa kicheko, kisha tunawaacha wazee peke yao.

Sehemu ya kazi ya kundi la Mufwankolo imepona kwa sababu Fabian na Vincent de Rooij, wakiwa Amsterdam, waliweka kwenye intaneti hazina ya maandishi ya Kiswahili cha Katanga, michezo ya kundi ikiwemo. Ipo wazi kwa yeyote. Mchezo wa Kawama nao umo kitabuni wote, pamoja na mazoezi na mabishano yaliyoutangulia. Wanafunzi wa sanaa za maonyesho wa Dar es Salaam, Nairobi au Zanzibar wanaweza kuuchukua hata muhula huu, wakabishana kama walivyobishana wale, na kuupeleka uwanjani: chifu, wazee wake wa baraza, wanakijiji wakorofi, na umati unaowafahamu wote.